Kuchora ramani ya matumizi ya ardhi kutoka daftari za kodi: wilaya ya Kaira, Gujarat, 1860–1920

Ukitaka kujua ardhi ya kijiji cha Gujarat, magharibi mwa India, ilitumikaje enzi za Mwingereza, karatasi zipo, tena nyingi. Shida ni kwamba ziliandikwa kwa ajili ya kodi. Kila shamba lilipewa namba ili lidaiwe, kila udongo ukapewa daraja ili ukadiriwe, na kisichodaiwa mara nyingi hakikuandikwa. Anayetafuta jiografia ndani ya daftari hizo hana budi kurudi nyuma kwa njia ileile aliyopita mkadiriaji: kutoka rupia hadi udongo, kutoka udongo hadi shambani.

Mfano wetu ni wilaya ya Kaira, ambayo wenyeji huiita Kheda, katika Jimbo la Bombay. Mwingereza aliipata kwa vipande kati ya 1803 na 1817 kutoka kwa Gaikwad, mtawala wa Baroda, na Peshwa, mkuu wa dola ya Maratha. Tumeichagua kwa sababu daftari zake zimeenda mfululizo, na kwa sababu Charotar, moyo wa wilaya hiyo, ndiko walikotoka akina Patel wengi waliovuka bahari hadi Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Huenda babu yako au wa jirani yako yumo ndani ya daftari hizo.

Ijue nchi kabla ya kufungua daftari

Anza na ramani kubwa ya wilaya na utie alama mito minne. Sabarmati uko magharibi. Mahi uko kusini na mashariki, nao ndio mpaka. Katikati hupita Vatrak na Shedhi. Eneo lote ni maili za mraba 1,595, yaani kama kilomita za mraba 4,130, na liligawanywa taluka (tarafa) saba: Anand, Borsad, Nadiad, Matar, Mehmadabad, Kapadvanj na Thasra. Mvua huja na pepo za kusi, zile zile zilizokuwa zikirudisha majahazi Bara Hindi kutoka kwetu. Huanza katikati ya Juni na kukatika Septemba. Baada ya hapo mkulima alibaki na unyevu uliomo udongoni au na kisima chake.

Sasa gawanya wilaya kwa udongo, si kwa taluka. Anand, Borsad na sehemu kubwa ya Nadiad ndiyo Charotar: tambarare, udongo tifutifu wa kichanga uitwao goradu, wenye kina kirefu na rahisi kulima. Mashamba ni madogo, na kila moja limezungushiwa ua mrefu wa thor, mimea jamii ya mnyaa, pamoja na miembe na miarobaini. Njia za mikokoteni zimechimbika kati ya nyua hizo hata apitaye ndani yake haoni shamba. Ukishuka magharibi hadi Matar nchi inakuwa ya chini, udongo unageuka mweusi, kali, na mpunga unachukua nafasi ya tumbaku. Kaskazini-mashariki, Kapadvanj na Thasra, ardhi ni ya mabonde na mwinuko, hafifu zaidi, na vijiji vimetawanyika. Kando ya Mahi kuna makorongo marefu, kotar, ambayo maji ya mvua yameyachonga kwenye udongo laini. Hayo makorongo usiyapake rangi ya shamba hata kama yamo ndani ya mpaka wa kijiji. Kati ya goradu na kali kuna udongo wa mchanganyiko, besar, na penye ukingo wa mto kuna bhatha, tope jipya lililoletwa na mafuriko. Majina haya manne yajifunze vizuri, maana utakutana nayo katika kila ripoti.

Mtego mkubwa kuliko yote uko hapa mwanzoni. Charotar haikuwa yote ya Mwingereza. Petlad, katikati kabisa ya eneo hilo, ilikuwa ya dola ya Baroda, na ardhi za pande mbili ziliingiliana kijiji kwa kijiji. Katika vile vijiji sita maarufu vya Wapatidar, jamii ya wenye ardhi walimo akina Patel, Nadiad na Karamsad vilikuwa upande wa Mwingereza, lakini Vaso, Sojitra, Dharmaj na Bhadran vilikuwa vya Baroda. Ukitafuta Dharmaj katika takwimu za Kaira za 1901 huioni, na watu wengi hudhani ukurasa umepotea. Ukurasa haukupotea, kijiji kilihesabiwa kwingine. Baroda iliunganishwa na Jimbo la Bombay 1949, na ndipo Petlad ikaingia wilayani. Kwa hiyo usilinganishe jumla za Kaira za 1911 na za 1951 kama ni eneo moja. Zaidi ya hayo, 1997 wilaya ilikatwa tena na Anand ikawa wilaya peke yake.

Andika pia orodha ya majina yanayobadilika tahajia, maana utayatafuta yote: Kaira na Kheda, Nariad na Nadiad, Cambay na Khambhat, Baroda na Vadodara, Mehmadabad na Mahemdavad.

Karatasi gani, za mwaka gani

Kwa picha ya jumla tumia juzuu ya III ya Gazetteer, yaani kitabu cha maelezo ya Jimbo la Bombay, iliyotoka 1879, ambayo inahusu Kaira na Panch Mahals. Ina maelezo ya taluka moja moja: udongo, maji, mazao, reli, masoko. Nakala zake zilizopigwa picha zinapatikana bure kwenye intaneti.

Baada ya hapo tafuta ripoti za makadirio ya kodi za taluka yako. Upimaji wa kwanza Kaira ulifanywa miaka ya 1860, na kiwango kikafungwa kwa miaka 30. Marudio yakaja miaka ya 1890. Ripoti hizi ndizo bora kuliko zote, kwa sababu afisa alilazimika kueleza kwa nini kijiji fulani kitozwe zaidi ya jirani yake, na hapo ndipo anapotaja umbali wa soko, hali ya visima, na idadi ya maksai. Zimo katika nyaraka za serikali Mumbai na katika hifadhi ya India Office, wizara ya Uingereza iliyosimamia India, iliyoko Maktaba ya Uingereza, London.

Daftari za kijiji chenyewe ziliwekwa na talati, karani wa kijiji. Aliyesoma habari za India ya kaskazini atakuwa amezoea neno patwari. Kazi ni ileile, lakini ukiuliza patwari Gujarat utakuwa unaulizia mtu asiyekuwepo. Juu ya talati yuko mamlatdar wa taluka, na juu yake Kolekta wa wilaya.

Watu wengi huanza kwa kuomba "satbar", yaani fomu namba 7 na 12 zilizounganishwa: moja ya haki za ardhi, nyingine ya mazao, pahani patrak. Ni fomu nzuri, ila ina mwanzo wake. Daftari la haki lilianzishwa kwa sheria ya 1903, kisha likaingizwa katika sheria kuu ya kodi ya ardhi 1913. Ukitafuta satbar ya 1875 utazunguka bure. Kwa miaka ya kabla ya hapo tumia daftari la upimaji, lenye namba ya shamba, eneo, daraja na kodi, pamoja na ramani ya kijiji.

Vipimo: hapa ndipo hesabu nyingi huharibika

Mnyororo wa mpimaji wa Bombay ulikuwa na urefu wa futi 33, umegawanywa sehemu 16 ziitwazo anna. Eneo la mnyororo mmoja kwa mnyororo mmoja, futi za mraba 1,089, ni gunta moja. Gunta 40 ni ekari moja kamili. Shamba la minyororo 10 kwa 6 ni gunta 60, yaani ekari moja na gunta 20.

Katika daftari shamba hilo limeandikwa 1–20. Isome mara mbili. Si ekari 1.20, ni ekari 1.5. Anayeingiza takwimu kwenye kompyuta bila kujua hilo hupunguza shamba kwa sehemu moja ya tano, na kosa halijitokezi mpaka jumla ya kijiji ikatae kulingana. Weka safu mbili, ya ekari na ya gunta, kisha gawanya gunta kwa 40 na ujumlishe. Ukiona gunta 40 au zaidi katika safu ya pili, aliyenakili amekosea.

Fedha nazo zina nukta zake. Rupia ni anna 16, na anna ni pai 12. Kodi iliyoandikwa 4–8–0 ni rupia nne na nusu. Wazee wa pwani waliotumia rupia kabla ya shilingi hawakuhitaji kufundishwa hili, na neno letu pesa lilitoka kwenye sarafu ya mfumo huohuo, pesa nne kwa anna moja. Anna pia hutumika kama sehemu ya kumi na sita ya kitu chochote: ya mnyororo, ya gunta, ya ubora wa udongo, ya mavuno. Kila unapoona neno anna jiulize ni sehemu ya kumi na sita ya nini.

Bigha ni kipimo cha wenyeji, nacho hutofautiana. Bigha ya Gujarat bara ni kama gunta 23½, ya Kathiawar ni gunta 16. Ripoti ikitaja bigha bila kueleza, tafuta shamba moja lililotajwa kwa bigha na kwa ekari, upate uwiano wako mwenyewe.

Mambo mawili madogo ya mwisho. Mkato wa namba za India hukaa baada ya elfu kisha kila tarakimu mbili: 2,35,000 ni laki mbili na elfu thelathini na tano, na kwetu laki ni neno la kila siku. Na mwaka wa kodi ulianza 1 Agosti hadi 31 Julai. "1899–1900" ni mwaka mmoja, si miwili. Wenyeji walihesabu kwa kalenda ya Kihindu, Vikram Samvat, ambayo mwaka wake Gujarat huanza baada ya Diwali: toa 57 kwa miezi ya Novemba na Desemba, toa 56 kwa miezi inayofuata. Samvat 1956 inaanza mwishoni mwa 1899 na kumalizika mwishoni mwa 1900.

Kutoka kodi hadi udongo

Mfumo wa Bombay wa kukadiria kodi ulitengenezwa na maafisa Goldsmid na Wingate kuanzia 1835 na kanuni zake zikaandikwa kwa pamoja 1847. Mpima udongo aligawanya shamba vipande, akachimba kila kipande, akatazama aina ya udongo na kina chake, kisha akahesabu kasoro. Kila kasoro ilishusha udongo daraja moja. Kasoro zenyewe zilikuwa na alama zake katika mchoro: mawe ya chokaa, mchanga uliozidi, mteremko, udongo usioshikamana, udongo usiopitisha maji, sehemu inayosombwa na mafuriko, sehemu inayotuamisha maji. Ukiona alama ndani ya visanduku vya mchoro wa shamba, ndizo hizo. Usizichukulie kuwa miti wala visima. Madaraja yalikuwa tisa, kwa thamani ya anna 16, 14, 12, 10, 8, 6, 4½, 3 na 2.

Kiwango cha shamba kilipatikana hivi: vijiji viliwekwa katika makundi kwa kutazama hali ya hewa, soko na barabara, kila kundi likapewa kiwango cha juu cha ekari, kisha daraja la udongo likapunguza. Chukua mfano wa kufundishia. Kiwango cha juu cha kundi ni rupia 4. Shamba letu la 1–20 lina kodi 4–8–0. Gawanya 4.5 kwa 1.5, unapata rupia 3 kwa ekari. Gawanya 3 kwa 4, unapata robo tatu, yaani anna 12. Hilo ni daraja la tatu: udongo mzuri wenye kasoro mbili. Umepata udongo kutoka kwenye kodi bila mchoro wa udongo kuwepo.

Fanya hivyo kwa kila namba ya shamba, upake ramani rangi kwa anna, na mikanda ya udongo itajitokeza: goradu juu, besar katikati, kali kwenye sehemu za chini. Ila kuna masharti matatu.

Kwanza, usichanganye makundi. Vijiji viwili jirani vyenye udongo uleule hulipa tofauti kwa sababu kimoja kiko karibu na stesheni. Reli kuu ya Bombay hadi Ahmedabad inapita Anand, Nadiad na Mehmadabad, na ukaribu nayo umo ndani ya kiwango cha juu. Ukipaka rangi kwa rupia badala ya anna utachora ramani ya reli ukidhani ni ramani ya udongo.

Pili, tenga aina za kilimo. Jirayat ni shamba la mvua. Bagayat ni la kumwagilia kwa kisima. Kyari ni jaluba la mpunga lenye tuta. Bagayat na kyari ziliongezewa kiwango cha maji juu ya kiwango cha udongo, kwa hiyo hesabu ya hapo juu inaweza kukupa anna zaidi ya 16. Ukipata 19 au 22, usidhani umekosea, umegundua maji.

Tatu, kisima hakionekani siku zote. Sheria ya kodi ya 1879 na marekebisho yake ilizuia kiwango kupandishwa kwa sababu ya maboresho ambayo mkulima ameyafanya kwa gharama yake. Kisima kilichochimbwa baada ya upimaji wa kwanza huenda kisibadilishe kodi hata kidogo. Kwa hiyo idadi ya visima itoe kwenye jedwali la ripoti, si kwenye kodi. Kisima cha Charotar kilikuwa cha kos: mfuko mkubwa wa ngozi, kamba, gurudumu juu ya mdomo wa kisima, na jozi ya maksai wanaoshuka mteremko uliochimbwa ili uzito wao wenyewe uinue maji. Ule mteremko bado unaonekana kando ya visima vikuu, nao ni ushahidi mzuri ukienda kwa miguu. Ripoti zikigawa visima vya maji matamu na vya maji ya chumvi, nakili tofauti hiyo, kwani wakulima wa tumbaku waliyapenda baadhi ya maji ya chumvi kwa zao hilo.

Ndani ya eneo la shamba kuna pia safu ya pot kharab, sehemu isiyolimika iliyosamehewa kodi: njia, ua, kichuguu, mdomo wa kisima. Gawanya kodi kwa eneo lililobaki baada ya kuitoa, si kwa eneo lote. Katika Charotar yenye nyua nene sehemu hii haipuuzwi.

Kuiweka juu ya ramani

Ramani ya kijiji ya Bombay ilichorwa kwa inchi 8 kwa maili. Inchi moja ni minyororo 20, futi 660. Kwa hiyo inchi moja ya mraba ni ekari 10 kamili. Hii ndiyo njia rahisi ya kujikagua. Kata kipande cha plastiki angavu cha inchi moja ya mraba, kigawe visanduku 100, na kila kisanduku ni gunta 4. Weka juu ya shamba, hesabu visanduku, linganisha na daftari. Shamba letu la 1–20 lichukue visanduku 15. Ikiwa mashamba yote yanapungua kwa kiasi kilekile, karatasi imesinyaa au nakala imepunguzwa. Rekebisha ramani yote kwa uwiano huo. Ikiwa moja tu linatofautiana, namba yake imegawanywa au umesoma namba ya jirani.

Ukitumia programu ya kuchora ramani kama QGIS, chagua alama zisizohama: mahali mipaka ya vijiji vitatu inapokutana, ambapo paliwekwa mawe, bwawa la kijiji, talav, makutano ya reli na barabara ya zamani. Usitumie ukingo wa Mahi kamwe. Mto ule hula upande mmoja na kutema upande mwingine, na ramani yako yote itapinda kuufuata.

Jaza kwanza visivyolipa kodi, kwa kuwa ndivyo vinavyosahaulika: gamtal, yaani mahali pa nyumba, malisho ya kijiji, gauchar, talav, njia, kotar. Kisha mashamba. Utakutana na ardhi iliyoandikwa kuwa "imetolewa". Hapo haijauzwa, ni inam, ardhi ambayo kodi yake yote au sehemu aliachiwa mtu, hekalu au mtumishi wa kijiji. Ililimwa kama nyingine, kwa hiyo ipake rangi ya shamba, na kodi yake ndogo usiifanye kuwa udongo mbaya.

Mazao

Majedwali ya India ya Mwingereza yaligawa ardhi mafungu matano: misitu, ardhi isiyofaa kilimo, ardhi inayofaa ambayo haijalimwa, ardhi iliyopumzishwa mwaka huo, na eneo lililopandwa. Mafungu haya matano ndiyo yanayojumlishwa kupata eneo lote. Kisha kuna eneo lililopandwa zaidi ya mara moja. Jumla ya mazao yote moja moja ni sawa na eneo lililopandwa pamoja na lile la mara ya pili, na ndiyo maana mazao yakijumlishwa huzidi ardhi iliyopo. Kosa hili hurudiwa kila mara na wanafunzi: wanaona ziada, wanapunguza mazao yote kwa asilimia ili yatoshe, na kilimo cha mara mbili kinafutika.

Misimu ni miwili. Kharif hupandwa Juni na Julai, huvunwa Oktoba na Novemba: uwele, mpunga, kodra ambayo ni nafaka ndogo ya udongo hafifu, na pamba, ambayo huvunwa baadaye. Rabi hupandwa mvua ikishakatika na kuvunwa hadi Machi au Aprili. Katika goradu uwele haukupandwa peke yake. Ulichanganywa na mbaazi, choroko na kunde nyingine. Talati aliandika zao kuu. Kwa hiyo ekari za mikunde katika jedwali ni chache kuliko zilizokuwepo, na ekari za uwele zimebeba mazao mawili au matatu. Andika "uwele na mchanganyiko" kwenye ramani.

Anna za mavuno, na kwa nini usiziamini peke yake

Kila mwaka mavuno yalikadiriwa kwa anna, mavuno kamili yakihesabiwa kuwa 16. Angalia jedwali lako: baadhi ya makadirio ya India yalichukua anna 12 kuwa mavuno ya kawaida, si 16. Kaira makadirio haya yalikuwa na uzito wa sheria. Mavuno yakiwa chini ya anna 4, kodi ya mwaka ilisitishwa yote; kati ya 4 na 6, nusu yake. Kwa hiyo afisa aliyekadiria 4½ badala ya 3½ hakuandika tofauti ndogo ya hali ya hewa. Aliamua kama kodi italipwa.

Hilo ndilo lililozua mgogoro wa 1918. Mvua za 1917 zilizidi na kuchelewa kukatika, kharif ikaharibika. Maafisa waliweka sehemu kubwa ya wilaya juu ya anna 4. Wakulima wakasema ni chini ya hapo. Kuanzia Machi hadi Juni 1918, wakiongozwa na Gandhi na Vallabhbhai Patel, walikataa kulipa. Unapochora mavuno ya mwaka huo weka makadirio ya pande zote mbili, kila moja na jina lake. Na kwa mwaka wowote, ukiona vijiji vingi vimerundikana juu kidogo tu ya 4 au ya 6, hiyo ni alama ya kalamu, siyo ya shamba.

Mwaka wa njaa

Usichague 1900 au 1901 kuwa mwaka wako wa mfano. Mvua ya 1899 ilikosekana, na njaa iliyofuata wenyeji waliiita Chhappaniyo, ya hamsini na sita, kwa ule mwaka wa Samvat 1956. Kaira ilikuwa na watu 871,794 mwaka 1891. Mwaka 1901 walikuwa 716,332. Ni pungufu ya watu 155,462, karibu 18 katika kila 100, na katika nchi ambayo kwa kawaida ingeongezeka. Msongamano ulishuka kutoka watu 547 kwa maili ya mraba hadi 449. Mifugo nayo ilikufa kwa wingi. Pasipo maksai hakuna jembe, na kisima chenye maji hakina wa kuvuta kos. Ardhi iliyopumzishwa katika miaka hiyo si ya kilimo cha mzunguko. Ni ya watu na wanyama waliokufa. Kwa hali ya kawaida chukua wastani wa miaka mitano kabla ya 1899, na miaka ya njaa ichore kwenye ramani yake peke yake.

Jina lililomo daftarini

Mwisho ni safu ya majina. Vijiji vingi vya Charotar vilikuwa vya narva: Wapatidar wenye hisa walidaiwa kodi ya kijiji kwa pamoja, wakagawana wenyewe kwa mafungu ya ukoo, na sheria ya 1862 ikazuia hisa hizo zisimegwemegwe. Vijiji vingine, senja, kila mtu alidaiwa shamba lake. Katika narva, jina mbele ya namba ni la mwenye hisa, na jembe lingeweza kuwa mikononi mwa Mdharala aliyekodi au kufanya kibarua. Wadharala walikuwa kundi kubwa kabisa la wilaya, na ukitegemea safu ya majina peke yake utachora kijiji ambacho karibu hawamo. Andika kichwa cha safu hiyo "mdaiwa kodi", kisha weka safu ya pili ya "mlimaji" na uijaze tu pale fomu 12 ya miaka ya baada ya 1903, au ripoti ya makadirio, inapomtaja mpangaji. Pasipotajwa pabaki wazi.